Muchezo ya motoka ya zamani: ilikuwa nguvu kweli, ao sisi njo tulikuwa batoto?

permi_B (Goma, Birere)

Jambo yenu bayaya na bandugu. Niko na swali moja inanisumbua tangu juma iliyopita na ku nyumba hakuna mwenye kunisikiliza, bibi anasema ni mambo ya batoto, lakini mi naona haiko ya batoto hata kidogo.

Juzi magaribi mutoto wa dada yangu alikuwa anacheza muchezo ya motoka ku telefone, nikakaa pembeni yake niangalie. Anakanyaga tu. Hafungi freni hata mara moja, anagonga ukuta, motoka inajirudisha yenyewe katikati ya barabara, anagonga tena, anamaliza wa kwanza, banamupa franka na motoka ingine mupya. Dakika tatu, imekwisha. Nikamuuliza, ile viraje ya mwisho, ya mukono wa kushoto, umeikataje? Akaniangalia: "Viraje gani, mujomba?"

Hakuwa ananidanganya. Hakuiona.

Ile usiku sikulala mapema. Nilikuwa nakumbuka chumba moja ya mbao kule Birere, nyuma ya volkano ya 2002, wakati mawe ya lava ilikuwa ingali nyeusi mupya na batu banasimamisha nyumba za mbao juu yake. Mwenye chumba alikuwa na PlayStation ile ya kwanza ya rangi ya majivu, televizyo moja kadogo, grupe inanguruma inje, na ubao murefu wa kukalia. Unalipa, anaangalia saa yake ya mukono, unacheza, wakati ikiisha anakuja anakutoa maneti mu mikono hata kama uko katikati ya barabara. Benzangu bote balikuwa banalipa juu ya mupira. Mimi nilikuwa nalipa juu ya Gran Turismo 2, na mule ndani ya Gran Turismo 2 nilikuwa nalipa juu ya permi.

Kwa wenye hawakuicheza: huwezi kuingia mu mashindano makubwa kama hauna permi. Unaanza na B, kisha A, kisha IC, IB, IA, mwisho S. Kila permi majaribio 10, zote pamoja 60. Ya kwanza kabisa inasikika rahisi sawa kunywa maji: ondoka, kanyaga, simama ndani ya mistari. Lakini saa inatembea, na ukifunga freni mbele ya wakati unasimama huku, ukichelewa unapita kule. Ukipata wakati ya kawaida banakupa shaba, ukiongeza feza, ukikimbia sana dhahabu. Mimi nilimaliza pesa ya mukate ya juma nzima pale, bila kukimbizana na motoka hata moja.

Ile televizyo ilikuwa na alama ya kuungua ku kioo, chini mukono wa kuume, kubwa sawa punje ya mahindi. Nilikuwa najua kama kitu ya pembeni ya barabara ikikua mpaka kufika pa ile alama, njo naachilia X, ya kukanyaga mafuta, na kufinya kare, ya freni. Nikapata feza. Kisha mwenye chumba akabadirisha televizyo. Nikaanza tena ku sifuri, nikajikuta sijui hata pa kufunga freni, na pale njo nilisikia kama nilikuwa nimejifunza alama ya kioo, sijajifunza barabara.

Sasa swali yangu. Hii michezo mupya iko na mamotoka mazuri kushinda zetu mara mia, barabara inang'aa, mvua inaanguka kweli. Na bado naona kama haiko kitu moja na ile. Nini njo inafanya muchezo iitwe muchezo ya mbio za motoka? Ni motoka? Ni vitesi? Ni kupita bengine? Na ile ugumu ya zamani, ilikuwa ya muchezo ao ya butoto yetu? Nijibuni kwa roho safi.


rally_ya_kadutu (Bukavu)

Yaya permi_B asante kufungua hii maneno, mimi nilikuwa nadhani niko peke yangu.

Jibu yangu ni moja: ni barabara. Haiko motoka. Mimi sikukomalia Gran Turismo, mimi nilikuwa mutu wa Colin McRae Rally 2.0, ile ya mwaka wa 2000. Mule hauoni adui, uko peke yako mu porini na mwenzako anakaa pembeni anakusomea barabara mbele haujaiona. Ile sauti ilikuwa ya Nicky Grist mwenyewe, mutu mwenye alikuwa anakaa kweli pembeni ya McRae, ule shofere wa rally, mu motoka ya kweli. Mimi Kingereza nilikuwa sijui hata neno moja. Nilijifunza "left" na "right" pale, na nilijifunza vibaya, juu mwanzo nilikuwa naona ile maneno inakuja wakati viraje ingali mbali, nikafikiri anasema juu ya ile tuko ndani yake, basi nilikuwa nageuka mbele ya wakati naingia mu miti. Siku tatu namushitaki ule muzungu kama anasema bongo. Siku ya ine nikaachilia kuangalia nikasikiliza tu. Motoka ikapita. Weye unajua ile kitu inatokea mu tumbo wakati umegeuza volani kabla ya macho kuona, na barabara inafunguka pale pale umesema itafunguka?

Sisi ba Bukavu tunaijua ile. Ukishuka Kadutu na muvua, udongo nyekundu imekuwa sawa sabuni, shofere ya kweli hafungi freni mu viraje, anafunga mbele, mu viraje anaachilia itembee. Muchezo ilinifundisha ile mbele sijakalia volani ya kweli.

Kiisha motoka ikivunjika inabaki imevunjika. Una muda kidogo ya kutengeneza, ikiisha unaenda hivyo hivyo, taa moja, volani inavuta kushoto. Kosa ya asubui unaikuta magaribi. Mimi kwangu njo maana ya mbio: kosa inakufuata.

Na mwenye anataka kujua ugumu ya kweli atafute Richard Burns Rally ya 2004. Ile ilianza na masomo ya rally, na usipoyafanya hauwezi kumaliza hata kilometre mbili. Batu bangali banaicheza mpaka leo, banatengeneza barabara mupya benyewe banaongeza ndani, na wenye walikuwa baliitengeneza biashara yao ilishakufa zamani.


lushi_77 (Lubumbashi, Kamalondo)

Bakubwa na badogo, salamu toka Lubumbashi.

Miye niko mukubwa kidogo juu yenu, nilianza na Ridge Racer. Iko ya kampuni Namco, ilianza mu mashini za kutia pesa mu 1993, kiisha ikatoka siku moja na PlayStation kule Japani, tarehe 3 mwezi wa 12, 1994. Mi sikubali kama muchezo ya mbio lazima ikuwe sawa barabara ya kweli. Ridge Racer hakuna kitu ya kweli mule! Unaachilia mafuta, unageuza, unakanyaga tena, motoka inateleza ubavu ubavu mu viraje nzima sawa mutu anacheza rumba, inatoka imenyooka. Motoka ya kweli ukiifanyia vile unaamkia ku hopitali. Lakini iko nguvu, weee, iko nguvu! Ukianza kuteleza mapema kidogo unakula ukuta ya ndani, ukichelewa unakula ya inje, na wale ba mbele hawakungoji.

Na tena nitaonyesha kitu yenye batoto ba leo hawataamini. Ile muchezo yote ilikuwa inaingia mu kichwa ya mashini mara moja, CD haikuwa na kazi tena. Basi unafungua mufuniko, unatoa CD ya muchezo, unaweka CD ingine ya muziki, na muchezo inatembea na muziki yako. Baba alikuwa na CD moja ya rumba alikuwa anaifunga mu kabati na funguo. Siku ya mungu akienda kanisa, mi nafungua. Ile gita ya seben inaingia pale pale naingia mu tuneli, sijui nikueleze namna gani. Mpaka leo nikisikia ile gita kidole changu cha gumba kinatafuta X.

Lakini nirudie ku swali. Weye unauliza kama mbio ni kupita bengine. Hapana. Angalia ilianzia wapi. Atari ilitoa Gran Trak 10 mu 1974. Iko na volani, pedali, na mukono ya kubadirisha vitesi, barabara moja unaiona yote toka juu, na motoka moja tu. Moja! Hakuna adui. Adui iko saa. Nyuma ikakuja Pole Position mu 1982, ya Namco tena, barabara ya Fuji: kwanza unazunguka peke yako, na kama wakati yako iko mbaya hawakuache uingie mu mashindano, pesa yako imekwenda. Na OutRun ya Sega, 1986, ya Yu Suzuki, ile Ferrari nyekundu, motoka zote za barabarani ni watu wanaenda zao, hakuna mwenye kukimbizana naye, ni saa tu inakufukuza toka alama mpaka alama.

Kwa hiyo permi_B, pale Birere ulipokuwa unalipia jaribio bila motoka ingine, haukuwa pembeni ya mbio. Ulikuwa pa mwanzo yake kabisa.


himbi_kweli (Goma, Himbi)

Mimi nitasema tofauti na naomba musikasirike, juu hii maneno naipenda sawa nyinyi.

Tuseme ukweli. Nusu ya ule ugumu haikuwa ya muchezo, ilikuwa ya ile chumba. Maneti kifungo cha X kimelegea mpaka unakifinya na ukucha. CD imekopiwa, mara nyingi iko mu Kijapani, hakuna mwenye kusoma maelezo, unafinya hapa na pale mpaka uone motoka. Karte memwari iko moja ya batu bote, sehemu 15 tu ndani, na mukubwa wa mitaa akitaka nafasi ya mupira yake anafuta kazi yako ya mwezi nzima bila kukuuliza. Mimi walinifutia Gran Turismo ya kwanza mara mbili. Mara mbili! Nilikuwa nimefika permi IA, majaribio 8 ya B, 8 ya A, nabakisha tatu. Nililia, na sina haya ya kuisema. Kiisha grupe inaisha mafuta. Kila kitu ilikuwa inatufanya turudie sifuri, na sasa tunakumbuka ile kurudia tunasema "muchezo ilikuwa nguvu". Hapana, bandugu. Umasikini njo ilikuwa nguvu.

Na ugumu ingine ilikuwa ya kutudanganya. Chukueni Need for Speed: Most Wanted ya 2005, wote tunaipenda, ile BMW M3 GTR banakuibia mwanzo, unapanda orodha ya batu 15 mpaka Razor, ule mwenye aliichukua. Muzuri sana. Lakini ukikimbia dakika mbili bila kosa, ukiangalia nyuma ule mutu yuko pale pale, sawa mumefungwa na lastiki. Ukigonga mara moja anakupita. Ukigonga mapema anakungojea. Basi ile dakika mbili zangu bila kosa zilikuwa na kazi gani? Na Gran Turismo 2 yenyewe, ukishapata Suzuki Escudo ile ya Pikes Peak, mashindano karibu yote imekwisha, unalala unashinda. Motoka karibu 650 mule ndani, na kila mutu anaendesha Escudo.

Kwa hiyo mimi swali yangu kwa permi_B: wewe unalilia ugumu gani?


gareji_1999 (Goma, Ndosho)

Muchezo Driver, ya 1999. Ile gareji ya chini ya nyumba. Sekunde 60 ufanye burnout, slalom, kugeuka 180, kugeuka 360, kurudi nyuma na kugeuka, na liste yenyewe banakuandikia kwa Kingereza. Na ile njo mwanzo wa muchezo! Usipotoka mu gareji hauoni mji. Ku mitaa yetu kulikuwa mutu moja tu alikuwa anaweza, tulikuwa tunamulipia mandazi atutoe mu gareji, kiisha tunachukua maneti.


dada_nyawera (Bukavu)

Naingia na mimi, juu naona hapa ni baume tu na sisi pia tulikuwa ku ile ubao, na tulikuwa tunangoja murefu kuwashinda juu kila mara banatupitisha nyuma.

Mimi muchezo yangu ni Crash Team Racing, 1999. Najua bengine watasema ile ni ya batoto, nyama wanaendesha vimotoka na kutupiana mabomu. Lakini ngojeni. Mule kuna sehemu unakimbia peke yako na saa, hakuna mabomu, hakuna bengine. Ukikimbia muzuri, inatokea kivuli ya N. Tropy, mumoja wa babaya ba mule, motoka inaonekana ndani yake sawa moshi, na inakimbia barabara moja na wewe. Haikugongi. Haikungoji. Hakuna lastiki, himbi_kweli. Ilishakimbia zamani, haiwezi kubadirisha kitu, na weye njo unabaki na kosa zako. Ukimushinda, inatokea ya Oxide, mukali kushinda.

Ku ile barabara ya barafu nilikaa na N. Tropy wiki nzima za konje. Kaka yangu alikuwa na PlayStation, niliamka mbele yao bote kabla ya kuteka maji. Kuteleza mule ni hivi: unaruka kidogo na R1, unashika unateleza, moshi ya nyuma inageuka nyeusi, pale pale unafinya L1, motoka inasukumwa. Mara tatu mu kuteleza moja. Ukifinya mapema inasukuma kidogo tu, ukichelewa inakohoa na unapoteza yote. Tatu, tatu, tatu, turu tatu nzima, bila kukohoa hata mara moja. Mwanzo nilikuwa namuona N. Tropy anapotea mbele. Siku ya tatu namuona mgongo. Siku ya tano tuko sawa sawa, na mimi niko ndani ya ule moshi wake, sioni kama ni motoka yangu ao yake. Asubui moja nikavuka mustari yeye akiwa nyuma yangu, hakuna hata mutu moja macho mu nyumba. Nikachukua bido nikaenda kuteka maji. Sikumuambia kaka mpaka magaribi, nilitaka ibaki yangu siku nzima.

Na mule haikuwa umasikini, himbi_kweli, maneti ilikuwa mupya na hakuna mwenye kufuta. Ilikuwa nguvu yenyewe kwa yenyewe. Lakini kile kitu cha haki nakikubali na weye: ugumu yenye haikudanganye, ukishindwa unajua wapi.


permi_B (Goma, Birere)

Dada nyawera, nimeisoma mara tatu, na ile ya bido nimeisomea bibi, akacheka, akaniambia sasa anasikia.

Yaya lushi_77, asante kwa Gran Trak, sikuwa najua kama ilianza na motoka moja tu. Himbi_kweli, sikasirike hata kidogo, na maneno ya karte memwari inaniuma na mimi. Umeniuliza nalilia ugumu gani, na nimekaa nayo siku mbili.

Sililie umasikini. Kama ningekuwa na maneti mupya na umeme ya siku nzima ningefurahi. Nalilia kitu hii: barabara ilikuwa ileile. Ukirudi kesho, viraje iko pale, haijasogea, saa ni ileile, na kama leo umefika sekunde nusu mbele ya jana, ile nusu ni yako, haijatolewa na mutu, haijanunuliwa. Mu ile muchezo ya telefone ya mutoto wa dada, kila siku banamupa motoka yenye nguvu zaidi, kwa hiyo hata akibaki vilevile anashinda. Motoka njo inajifunza. Yeye hapana.

Na kitu ingine inaniumiza. Codemasters balewale ba Colin McRae Rally, mu 2008 balitoa GRID, na mule ukigonga unaweza kurudisha wakati nyuma sekunde kidogo, unarekebisha, unaendelea. Mwaka wenye kufuata Forza Motorsport 3 ikaweka na yenyewe. Naelewa juu ya nini, mutu wa kazi hana saa mbili za kurudia mbio moja. Na mutu mwenye anaanza inamusaidia asikate tamaa. Lakini rally_ya_kadutu alisema kosa inakufuata, na mi naona pale balimuondolea kosa miguu.

Weye unajua hapa Goma batoto banashuka na chukudu toka Kibati, viazi na makala juu, kilo mingi sana. Freni ni kipande cha mupira wa pneu pa gurudumu la nyuma, unakikanyaga na muguu. Mutoto mupya anakanyaga njia yote, mupira inachomeka, akifika pa mushuko ya kweli hana freni tena. Mwenye kujua anaachilia, anaachilia, unafikiri amekufa, kiisha anakanyaga mara moja pale pale. Hakuna mwenye alimwambia ni pale. Alishuka mara mingi mu barabara ileile. Kwangu mimi muchezo ya mbio ni ile, iwe ya kweli sawa Gran Turismo ao ya kuteleza sawa Ridge Racer ao ya nyama sawa Crash. Yenye inakuachia ujue pa kukanyaga.


rally_ya_kadutu (Bukavu)

Hapo umegusa. Lakini Most Wanted bado tuiweke ndani ao inje? Mi naiweka ndani, juu ya polisi wenye banakufukuza mule. Ile saa ya polisi 20 nyuma haina lastiki, ina woga.


himbi_kweli (Goma, Himbi)

Mi naiweka pembeni ya mulango. Kufukuzwa na mbio si kitu moja, mu mbio unajua pa kumaliza iko wapi.

Na permi_B, ile ya chukudu nakubali. Umasikini nabaki nayo, haunitoi pale. Lakini kama barabara ileile njo kipimo, basi tupime. Niko na Gran Turismo 2 mu kompyuta, na programu ya kuiga PlayStation. Jaribio ya kwanza ya permi B, ondoka na simama. Kila mutu anaandika hapa amepata nini. Hakuna Escudo, hakuna lastiki, motoka ni ile banakupa.


lushi_77 (Lubumbashi, Kamalondo)

Niko ndani. Dada nyawera na weye ingia, ubao ni ya bote sasa.


dada_nyawera (Bukavu)

Nimeingia. Gran Turismo sikuichezaka hata siku moja, munipe siku mbili.


permi_B (Goma, Birere)

Feza. Mara ya 23. Mutoto wa dada alikuwa pembeni, alijaribu mara 9, mara zote 9 alipita mistari, akakasirika akaenda kulala. Asubui nimekuta maneti imehamishwa toka mahali niliiacha.


lushi_77 (Lubumbashi, Kamalondo)

Shaba. Na mu Katanga hakuna mwenye kuona haya ya shaba. Lakini kesho narudi, najua ni wapi nilichelewa kukanyaga.


dada_nyawera (Bukavu)

Feza, na nimeona dhahabu mbele yangu mbali na kidole tu. Naachilia X mapema kidogo, ni vile, ni tabia ya kuteleza.


himbi_kweli (Goma, Himbi)

Nilipata dhahabu saa mbili na nusu za usiku. Umeme ikakatika mbele sijaandika ku karte memwari. Umeme imerudi saa hii, naanza tena.